Boma Kwanza, Bei Baadaye

Mimi Gakuru ni mtu wa hasira za karibu, wanafunzi wangu hapa Kitengela wanajua. Ukigusa kompyuta kabla hujachora tovuti yako kwa penseli, nitakufokea. Juu kuna nini, chini kuna nini, mgeni akibonyeza hapa anaenda wapi? Chora kwanza. Aibu za wengine nimezitangaza sana darasani, kwa hivyo leo wacha niseme yangu.

Mwezi wa kwanza Yvonne, msichana wa Mashuuru, aliniletea mchoro wa tovuti ya kuuza ng'ombe. Hakuanza na bei. Alianza na orodha ya maboma ya wafugaji, kila boma na kialama cha sikio kando, na ukichagua boma ndipo unaona ng'ombe wake.

"Hii ni fujo," nikamwambia. "Mtu anataka bei. Boma la nini?"

"Huku kwetu, mwalimu, mtu anauliza kwanza ng'ombe ametoka kwa nani."

Nikamwambia akachore upya, na nakala ya ile karatasi nikabaki nayo.

Baadaye kidogo dalali mmoja wa mifugo kule Kajiado akanipa kazi ya tovuti. Nilimpelekea michoro yangu mitatu, yote akaikataa. Nikatoa nakala ya mchoro wa Yvonne, akaipenda papo hapo. Nilijiambia wazo halina mwenyewe. Uongo mtupu, na nilijua. Niliijenga tovuti vile Yvonne alivyochora, na chini kabisa nikaweka jina langu.

Yvonne naye ni mkaidi, hakuchora upya. Siku ya mtihani wa mwisho akasimama na mchoro uleule. Mtahini alikuwa Bwana Mbithi, mwenye kampuni ndogo ya tovuti, na angemwajiri atakayeshinda. Yvonne aliitaka hiyo kazi kabisa. Alikuwa ameacha kazi ya dukani ili amalize kozi.

Mbithi akautazama mchoro, akatikisa kichwa. "Hii nimeiona. Mwalimu wako aliitengeneza, iko kwa mtandao tangu Machi. Umekopi."

Yvonne akaniangalia. Alikuwa ananingoja. Na mimi, na huu mdomo wangu wote, nikainama nikajifanya natafuta waya wa projekta. Mbithi akaandika sufuri, akachukua koti lake akatoka.

Nikamkimbilia, nikamkuta getini. "Ule mchoro ni wake. Mimi ndiye nilimwibia."

Akacheka, akanipiga bega. "Uko na roho safi, Gakuru. Lakini usimtetee mwizi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Basi niulize," nikasema. "Niulize hivyo vialama vya sikio ni vya nini."

"Ni vya nini?"

"Sijui. Niliviweka kwa sababu alikuwa ameviweka. Twende ukamuulize mwenyewe."

Tukarudi. Nikasimama mbele ya darasa nikasema yote, na hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Kisha Yvonne akaeleza polepole kwamba ng'ombe hukatwa sikio kwa alama ya boma lake, na mnunuzi akiiona anajua huyo mnyama si wa wizi. Sikuweza kuinua macho. Mbithi akafuta ile sufuri, akamwambia aje kazini Jumatatu.

Wenzake walipotoka nikamfuata Yvonne. "Ulijua lini?"

"Tangu Machi, mwalimu."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe ni mwalimu wangu." Alikuwa anakunja ile karatasi. "Hayo masikio nilichora na baba. Akaona hiyo tovuti kwa simu, akajua ni yetu. Akaionyesha watu kanisani. Halafu mmoja akasoma jina lako pale chini."

Nikamuuliza babake alisema nini.

"Aliniuliza kwa nini nimemdanganya kwamba wazo ni langu."