Umepoa, Hujapona

Daktari alikuwa na mafuta yake ya kuchua, aliyoyachanganya mwenyewe, na kila alipoanza kuyaeleza watu walikumbuka shughuli zao. Ndiyo maana shemeji yake, kaka wa mkewe, alipoumia kano ya kisigino wiki chache kabla ya fainali ya mpira aliyotarajiwa kucheza, daktari alisikitika kwa uso tu. Moyoni alishangilia. Mgonjwa kapatikana, tena wa nyumbani.

Akampima kwa mashine ya MRI, inayopiga picha ya ndani ya mwili na kuipa hali ya kano namba. Namba ilitoka juu, yaani kano imeharibika; ikishuka, ndiyo inapona. Shemeji akachuliwa mafuta asubuhi na jioni, kisha akarudishwa kwenye mashine.

"Mguu umepoa kabisa," mpiga picha alisema akiuweka sawa.

Daktari, ambaye masikio yake yalisubiri neno moja tu, alisikia "umepona". Namba nayo ikatoka imeshuka. Kabla ya jioni ukoo mzima ulikuwa na habari, na mama mkwe, ambaye tangu harusi alimwita "yule bwana", akamwita "mwanangu".

Kesho yake shemeji alikuja kuaga, kaning'iniza viatu vya mpira begani.

"Kumbe barafu nayo inasaidia," alisema. "Jana niliukanda mguu kwa barafu njia nzima mpaka mlangoni kwako. Nilitaka uvimbe usionekane, usije ukanizuia kucheza."

Daktari alikaa kitini polepole. Alijua, tena aliwafundisha wengine, kwamba kano ikipata baridi namba hushuka yenyewe, hata kama haijapona chembe. Angeweza kunyamaza. Mafuta yangebaki dawa, naye angebaki mwanangu. Lakini kano ile ingekatikia uwanjani, na mguu ule ulikuwa wa mtoto wa watu. Aibu ilimshika kwamba wazo lenyewe lilimpitia.

"Vua kiatu," alisema.

Wakauchovya mguu kwenye maji ya uvuguvugu, wakapima upya. Namba ikarudi kule kule ilikoanzia.

"Ulipoa, shemeji. Hukupona."

Shemeji aliitazama skrini. "Na fainali?"

"Labda muichezee kwenye friji."

Daktari akampigia mama mkwe, akamweleza yote, barafu na masikio yake mwenyewe.

"Haya," mama mkwe alisema. "Mpe simu mwanangu."

Daktari alichelewa kidogo kuelewa kwamba si yeye.