Nyamaza, Mama, Nyamaza

Mwalimu wa vitendo alikizima kinasa sauti, akakisogeza pembeni ya meza taratibu, kama mtu anayeondoa sahani ya mgonjwa aliyeshindwa kula.

"Umejisikia?" akauliza.

"Nimejisikia nikimbembeleza yule mteja," akajibu muuguzi.

"Alipoanza kulia ulimwambia nini?"

Muuguzi akaitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya wodi ya watoto, iliyokauka kwa sabuni. "Nilimwambia, nyamaza mama, nyamaza."

"Akafanya nini?"

"Akanyamaza."

"Ndiyo. Akanyamaza, akajifuta uso, akaaga, na hajarudi tena. Alikuja kusema, tukamnyamazisha."

Alisema "tukamnyamazisha". Hakusema "ukamnyamazisha". Hata katika uchungu ule, muuguzi aliuona wema wa herufi ile moja.

Lakini kanuni ni kanuni. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya ushauri nasaha aliposhindwa vitendo, aliwekwa chini ya uangalizi. Angepewa mteja mmoja mwingine, mwalimu akiwa amekaa chumbani kumsikiliza. Akishindwa tena, masomo yake yamekoma, hata kama mitihani ya darasani amefaulu yote. Na muuguzi alikuwa ameifaulu yote.

"Ukitaka kuahirisha mpaka mwakani, nitakuelewa," mwalimu akasema.

"Siahirishi, mwalimu. Nipe huyo mteja."

Alitoka nje akijifuta macho. Katibu muhtasi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliinuka mara moja. Aliondoa mafaili kwenye kiti, akamkalisha, akamwekea glasi ya maji, kisha akarudi kupiga chapa kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika, ili mwenzake avute kamasi bila kusikika.

Wenzake darasani walikuwa wameshampa jina: Mama Nyamaza. Aliyelianzisha ni kijana mmoja msemaji sana waliyemwita Profesa, ingawa alama zake mwenyewe zilikuwa za kuombea dua. Siku ile Profesa alimkuta kantini anatazama chai inapoa.

"Mama Nyamaza, mbona wewe ndiye umenyamaza?"

Akamweleza. Profesa akaacha kucheka, akavuta kiti.

"Basi tufanye mazoezi. Mimi mteja."

"Haya, lia."

"Nilie bure? Leta hiyo chai kwanza."

Akainywa, akafunika uso, akaanza kutetemesha mabega kama mtu anayeendesha trekta. Ulikuwa uigizaji mbaya kabisa, ila moyo wa muuguzi haukujua. Ulimi ukaponyoka: "Nyama..." Akajiuma mdomo.

Profesa akafunua jicho moja. "Nyama gani tena, mama? Mimi nalia, wewe unawaza kitoweo!"

Wakacheka mpaka mpishi akachungulia. Hata hivyo, muuguzi alipokuwa anarudi nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha. Mazoea yana taabu. Neno lile alikuwa amelisema wodini miaka yote, kwa watoto wanaochomwa sindano na kwa mama zao kwenye korido. Kwa watoto lilifaa. Ni kwa ajili ya wale akina mama alikwenda kusoma, maana aliwaona wakinyamaza na kuondoka na mzigo wao kama walivyokuja nao. Na sasa neno lilelile ndilo lilikuwa limeziba mlango wa kuwasaidia.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake anachambua mchele kwenye ungo. Waliishi wawili tu tangu mwana wa bibi huyo, aliyekuwa mume wa muuguzi, alipofariki.

"Mama, nisaidie kusoma. Jifanye una huzuni."

"Nijifanye?" Bibi akaokota jiwe, akalitupa. "Mwanangu, mimi nyumba hii najifanya sina."

Muuguzi akakaa kwenye mkeka. Bibi aliendelea kuchambua, lakini vidole vilikuwa vimepoteza njia. Vilitupa mchele na kuacha mawe.

"Alipenda kula ukoko," bibi akasema. "Kila nikikwangua sufuria nageuka nimwite. Nashindwa kukwambia, maana nikianza tu unasema, nyamaza mama. Nami nanyamaza. Naona ukinisikia utaumia."

Kweli, machozi yakaanza kumtoka bibi, na kweli, neno likapanda mpaka kwenye meno ya muuguzi. Safari hii alilishika hapo na kulitazama. Akaona kitu ambacho hakukiona kwenye vitabu. Neno lile hakuwa analisema kwa ajili ya bibi. Alikuwa anajiambia mwenyewe. Nyamaza, mama, maana ukilia wewe na mimi nitalia, na nikianza sijui nitaishia wapi.

Akalimeza. Alisogea, akaushika mkono wenye vumbi la mchele. Walilia wote wawili, ungo katikati, na hakuna aliyekufa. Baadaye bibi akapenga kamasi kwa pembe ya kanga.

"Leo nimelia nikashiba," akasema. "Sasa hebu ondoa haya mawe niliyoacha, tusije tukavunja meno."

Siku ya mteja ilifika. Alikuwa fundi cherehani, mwanaume mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni, ambayo bila shaka alisahau kuivua. Mwalimu alikaa kwenye kona. Fundi alikuwa ameambiwa kwamba mwalimu atakuwepo, akakubali.

Alizungumza juu ya mvua, ya wateja wakorofi, ya cherehani inayokula uzi. Muuguzi akamsikiliza bila kumharakisha. Kisha fundi akaishika ile futi na kuizungusha kidoleni.

"Jicho hili limezima," akasema. "La pili linafuata. Sijamwambia mtu. Jana nilimwita binti yangu anitungie uzi kwenye sindano. Akanitungia, akaniuliza, baba, siku hizi unaogopa sindano? Nikamjibu ndiyo."

Akataka kucheka. Kicheko kikakatika, na yule mtu mzima akainama akalia kwa sauti nene, kama mlango mzito unaofunguliwa baada ya muda mrefu.

"Nyama..."

Lilitoka. Ulimi hauna mfupa. Kalamu ya mwalimu ikasimama kwenye kona. Fundi akaanza kujifuta haraka haraka kwa kiganja. "Samahani, mama. Nanyamaza."

Muuguzi alihisi mlango ule unafungwa, na shahada yake ikiwa upande wa pili. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akavuta pumzi.

"Baba, mimi ndiye wa kuomba samahani. Nilitaka kukwambia unyamaze, kwa sababu nimeumia kukusikia. Hilo ni langu, si lako. Usinyamaze. Nipo hapa."

Fundi akamtazama kwa jicho lake lililobaki. Kisha akainama tena, na muuguzi akamwacha alie. Fundi alipoinua uso, alisema jambo ambalo hakika hakuja akijua kwamba atalisema: "Nitamwambia binti yangu. Nataka kujua namna ya kumwambia."

Wakaanza hapo.

Fundi alipokwisha kuondoka, baada ya kupanga siku ya kurudi, mwalimu alifunga kalamu yake.

"Ulilisema nusu," akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Nusu nzima."

"Wanafunzi wengi wakikosea hujificha. Wewe ulirudi ukamchukua mteja pale ulipomwachia. Hilo silifundishi mimi, nalitafuta tu." Akatabasamu. "Umefaulu. Uangalizi umekwisha. Nusu iliyobaki tutaifanyia kazi muhula ujao."

Muuguzi alishukuru, akatoka, akafunga mlango vizuri. Alipofika mbele ya meza ya katibu muhtasi, yote aliyoyabana tangu siku ile ya kinasa sauti yakafurika.

Katibu akaruka kutoka kitini, miwani ikining'inia kwenye uzi wake. "Wewe! Wamekufelisha?"

"Nimefaulu!"

"Sasa unalilia nini? Njoo hapa." Akamkumbatia kwa mikono yake minene, akampigapiga mgongoni. "Basi, nyamaza. Nyamaza, mama, nyamaza."

Muuguzi akacheka katikati ya machozi. Hakumsahihisha. Akaweka kichwa kwenye bega lile pana, akaendelea kulia mpaka akashiba.