Eda za Mwamini

Jumatatu moja ya mwaka hamsini na tano, Mwamini binti Mwinjuma wa Kisarawe aliwasha moto, akachemsha chai ya tangawizi, akaingia chumbani kumwamsha mumewe. Akamkuta amekufa. Alikuwa amelala ubavu wa kulia, amepoa kama mtungi. Kwenye ukingo wa kitanda, mumewe huyohuyo alikuwa amekaa anafunga kamba za viatu, awahi basi la Dar es Salaam kupeleka makala gazetini.

"Huyo azikwe baada ya adhuhuri," alisema. "Nitakuwa nimesharudi."

Mwamini alikuwa amemimina vikombe viwili. Chai ya kimoja akairudisha birikani.

Mume mwenyewe aliitwa Isihaka bin Mwinyimadi. Aliandika safu ya "Neno la Kisarawe" katika Mwangaza wa Jimbo, gazeti ambalo halikujali upande mradi linanunuliwa. Kwa miaka tisa safu ile ilimsifu Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya: alivyokagua vyoo, alivyohimiza muhogo wa njaa, alivyomwitikia mzee mmoja salamu. Kisha, kwenye sherehe za kutawazwa Malkia, Bwana DC akamkalisha nyuma ya wapiga tarumbeta, isionekane hata kofia yake. Isihaka akaitafakari nchi yake miaka miwili, na Jumapili jioni akachukua kadi ya Chama cha Uhuru. Aliyelala kitandani alikuwa yule wa Bwana DC. Aliyefunga viatu alikuwa wa Uhuru. Mambo ndiyo hayo.

Akaitwa Mwalimu Abeid, aliyesomesha chuoni na kuamua mambo ya dini. Alimgusa maiti mguu, akampa aliye hai mkono, akasema hapa hapana utata. Maiti ni maiti. Aoshwe, avikwe sanda, asaliwe. Mjane akae eda miezi minne na siku kumi. Na huyu mwingine, kwa kuwa mwenye ndoa ameshafariki, sasa ni mwanamume wa kando. Alale barazani, na akitaka kitu apige hodi.

"Lakini ni mimi, Mwalimu," alisema Isihaka.

"Ukiwa ni wewe, yule ni nani?"

Wakaenda kuchimba kaburi.

Mazishi yalikuwa ya heshima. Mtani wao Zahoro, Mnyamwezi mkata mkonge wa Kibaha, alirukia kaburini kama utani unavyomruhusu, akajilaza chali, akagoma kutoka. "Hazikwi mtu hapa mpaka niambiwe anaelekea wapi! Juzi alikuwa anaelekea kwa Mzungu!" Watu wakacheka, Isihaka naye akacheka, akamtolea jogoo, ndipo Zahoro akapanda juu. Wiki ile safu ilibeba tanzia fupi iliyosema marehemu alikuwa mtu mwema aliyepotoshwa.

Kazi ilikuwa kwenye eda. Mwamini hakwenda shamba, hakwenda harusini, hakupaka hina. Mpunga wake ukaliwa na ndege hadi bua la mwisho. Isihaka alizunguka wilaya nzima akiandika juu ya minyororo ya watawaliwa, na jioni akirudi alisimama nje ya mlango.

"Hodi, Bi Mwamini."

"Karibu hukohuko nje, bwana."

Akapitishiwa sahani. Eda ilipokwisha akaposa kwa Mwishehe, kaka wa Mwamini, ndoa ikafungwa upya. Mjane hutakiwa atamke mwenyewe kwamba ameridhia, na Mwamini akatamka. Angekwenda wapi jamani? Nyumba ilikuwa ya Isihaka, awe Isihaka yupi.

Mwezi wa tano mwaka hamsini na nane, Chama cha Mseto, kilichoundwa ili watu wa rangi zote wakae pamoja na Gavana akae juu yao, kilimpa Isihaka cheo cha Mhariri wa Habari za Wananchi pamoja na kiti cha kuzunguka. Asubuhi yake Mwamini akamkuta wa Uhuru amekufa, ngumi ameikunja. Wa Mseto alikuwa dirishani ananyoa ndevu.

Baada ya siku chache wakaja askari wawili na hati ya kumkamata mwandishi wa makala za uchochezi. Isihaka akawapeleka makaburini, akawaonyesha lile la pili, udongo wake bado mbichi. Koplo akalipima kwa hatua, akaandika "mshtakiwa amezikwa," akamwomba Isihaka atie sahihi kama shahidi. Wakaagana kwa mikono. Mwanamume anayejua wakati wa kufa huepukana na mengi.

Mwamini hakuepukana na kitu. Eda ilipofika katikati, Mwishehe alikuja kumwambia kwamba mama yao, Bi Tatu wa Mlandizi, yu kitandani. Miguu imevimba, na mchana kutwa anamwita Mwamini. Mwamini akatuma ulizo kwa Mwalimu Abeid kama aweza kwenda, na jibu likarudi kwamba avumilie, Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Akasubiri. Kila Mwishehe alipotoka Mlandizi alikuja na neno lilelile: mama anauliza umefika wapi.

Eda ikaisha siku ya Alhamisi, na lori la Mlandizi lilikuwa la Jumamosi. Mwamini alitaka apande aende zake. Mwishehe akamwambia mwanamke wa heshima hasafiri bila ruhusa ya mume, na ruhusa haitoki kwa asiye mume. Isihaka alikuwa ameshakaa barazani, kanzu imepigwa pasi.

"Nitaolewa kwa sharti moja," Mwamini alisema kutoka ndani. "Asibadilike mpaka nimwone mama yangu."

Isihaka akaapa kwa Mwenyezi Mungu mbele ya watu, ndoa ikafungwa. Siku hiyohiyo akaandika katika safu yake kwamba msimamo wake ni mmoja wala hautikisiki.

Ijumaa Mwamini alipanga kikapu: unga wa mtama, khanga mpya, chupa ya mafuta ya nazi ya kumkanda mama miguu. Alikuwa anaimba. Alasiri, redio ya dukani ikatangaza matokeo ya kura. Chama cha Mseto hakikupata hata kiti kimoja.

Jumamosi asubuhi lori lilipiga honi. Mwamini, kikapu mkononi, aliingia chumbani kuaga. Wa Mseto alikuwa amekufa mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa usemi. Mwingine alikuwa amepiga magoti anatafuta kadi yake ya zamani chini ya godoro.

"Isihaka," alisema Mwamini, na hakuwahi kumwita kwa jina tupu. "Uliapa."

"Aliyeapa ni huyu." Akanyoosha kidole kitandani. "Hata mimi yamenisikitisha."

"Mama yangu anakufa!"

Mwalimu Abeid aliletwa mbiombio. Mwamini akamuuliza kama ndoa ya siku mbili nayo ina eda.

"Hata ya saa mbili, mwanangu. Miezi minne na siku kumi."

Lori likapiga honi mara ya tatu. Mwamini akampa Mwishehe kikapu, akamwambia mafuta ayapashe moto kidogo kabla ya kumkanda, mama hapendi ya baridi. Kisha akakaa chini akalia, na wanawake waliokuja msibani wakadhani anamlilia mumewe.

Bi Tatu alifariki baada ya wiki tatu. Isihaka alikwenda kuzika kwa niaba ya Chama cha Uhuru, kilichompokea kwa vigelegele, akaandika makala iliyoitwa "Mama wa Mlandizi," kuhusu kikongwe aliyekata roho akiungoja uhuru. Ilisomwa mikutanoni. Wanaume wazima walifuta machozi. Isihaka akaja kumsomea Mwamini kupitia mlangoni, mwanzo hadi mwisho.

"Mama hakuwa anaungoja uhuru," alisema Mwamini. "Alikuwa ananingoja mimi."

"Kweli hiyo," alisema Isihaka. "Lakini imeshachapwa."

Eda ya tatu ilikwisha mwaka mpya ulipoanza. Kaburi la Bi Tatu lilikuwa Mlandizi, na ruhusa haitoki kwa asiye mume. Barazani walikuwa wamekaa Isihaka, Mwishehe na Mwalimu Abeid, mkeka umetandikwa, ubani unafuka. Mwamini akaulizwa kama ameridhia.

"Kwanza aniambie," alisema. "Sasa ni wa chama gani?"

"Cha Uhuru," alisema Isihaka, mkono kifuani. "Mpaka kufa."

Wenzake wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwamini akatamka kwamba amekubali. Halafu akapita mlango wa uani, akaianua kaniki yake ya eda iliyokuwa kambani, akaikunja, akaiweka sandukuni, juu ya nguo nyingine zote, mkono usipate tabu kuifikia.