Wanaochemsha Bila Moto

Macho ya Ochwo yalipogeuka manjano kama bizari, mkewe Acen alimpiga marufuku waragi, ile pombe kali ya Uganda, akawa anampa kongo, pombe ya wimbi aliyoipika mwenyewe. Kwani wimbi si chakula? Kijiji kizima cha Nabuyoga kingekuambia hivyo, na Acen, ambaye chungu chake kiliwakusanya wanaume na mirija yao mirefu kila jioni, angekuwa wa kwanza kuapa. Lakini tumbo la mumewe lilizidi kuvimba. Ndipo akamvusha mpaka, wakaenda Busia ya Kenya kwa Daktari Winfred.

"Kumbe mama ni mpishi wa pombe," daktari alisema. "Kongo yako huchemka bila moto. Nani huichemsha?"

"Iko kitu nakaa ndani, daktari. Haionekani."

"Basi tumboni mwetu sote mna viumbe kama hao, bakteria, wengi kuliko watu wa dunia nzima. Walio wengi ni wema. Pombe ikizidi, wabaya huwashinda wema na ukuta wa utumbo hulegea. Wanavuja, wao na sumu yao, hadi kwenye ini ambalo pombe imeshalichosha."

"Hata pombe ya wimbi?"

"Ini halijui nani kaipika, mama. Akiacha kabisa, huenda likapata nafuu. Asipoacha, tutampoteza."

Acen alikuja kusikia jina la ugonjwa, pengine la mchawi, na sasa anaambiwa habari za mataifa! Mungu gani huyu aliyejaza umati wote huo ndani ya mtu mmoja, tena mbishi kama Ochwo? Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

Jioni hiyo nyumbani, wanaume walipokuwa wamekwisha kukizunguka chungu uani, alimshika Ochwo mkono akamwingiza jikoni, kwenye kongo changa, bado ikichemka, iliyofunikwa majani ya mgomba.

"Baba Joanita, weka sikio hapa."

Ochwo aliinama. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Iko watu nanong'ona," alisema.

"Kama hao iko ndani yako. Mimi nalisha hao pombe, nafikiri nakupa chakula."

Ochwo aliutazama mlango, kisha akalitazama tumbo lake. Akaliwekea kiganja polepole, kama mgeni anayegusa mlango wa watu asiowajua.

"Ochwo!" Oboth, jirani yao, aliita kutoka uani. "Mrija yako nangoja!"

Ochwo alimgeukia mkewe.

"Acen," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba anaogopa kuwashtua, "hawa yangu... nakula nini ingine?"