Begi la Chini

Mlango wa kabati la vitambaa uligoma kufungwa siku ya Jumatatu, baada ya chai ya saa nne. Fundi aliusukuma kwa goti, akausukuma kwa bega, mwisho akauegemeza kiti. Vitambaa vikasukuma mlango, mlango ukasukuma kiti, kiti kikaanguka. Mumewe alikuwa mezani akifungua redio ambayo haikuwa na ubovu wowote, akayatazama yote hayo bila kunyanyuka.

"Nunua kingine," alisema. "Bado kuna nafasi chini ya mto wangu."

"Mzee, usinianze."

"Sijakuanza. Nauliza tu, siku nikifa mtanilaza wapi?"

Fundi alishona sare za shule miaka arobaini. Kaki ngumu, bluu bahari, pamba ya maua, satini isiyotulia mkononi, mabaki ya mapazia, mashati ya mumewe ya enzi zile kabla hajaota tumbo, vyote alikuwa navyo. Kushona alistaafu, kununua hakustaafu. Akipita dukani lazima arudi na mita mbili za kitu fulani, akikunje, akiweke, aseme kitapata kazi. Siku hiyo aliapa mbele ya mumewe kwamba hanunui hata uzi mpaka kabati liishe, na kwamba ataanza na viporo.

Viporo vilikuwa vitatu, kila kimoja na begi lake, vimepangwa sakafuni mwa kabati. Vyote ni mifarishi, yale mablanketi ya viraka: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana, kisha mshono wa mkono unapita kote ili tabaka zote tatu zishikane. Begi la juu lilikuwa la mtoto wa kaka yake. Begi la kati lilikuwa la ndoa yake mwenyewe. Begi la chini hakulitaja, na mumewe hakuliulizia.

Akaanza na la juu. Mfarishi huo aliuanza kaka yake alipopata mtoto, miaka thelathini na minane iliyopita, halafu msimu wa sare ukamzidi nguvu. Ulibaki pindo na mistari minne tu, aibu tupu. Mumewe alimtungia uzi kwenye sindano, maana macho ya Fundi hayakuwa yale. Jumamosi saa nane mchana alifunga fundo la mwisho, akautandika kitandani auone vizuri, akakuta chini yake mtoto mchanga amelala, ngumi amezikunja.

"Nani huyo?" aliuliza mumewe kutoka mlangoni.

"Ni yeye. Huyaoni masikio?"

"Aa, ni yeye kweli. Ngoja nikanunue maziwa."

Mtoto wa kaka yake, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kipara na meza yake kwenye ofisi ya maji, alipigiwa simu akaja jioni ile ile kujiona. Alijibeba kwa uangalifu, akajipigapiga mgongoni mpaka akajicheulia kwenye shati la kazini.

"Shangazi, mbona nilikuwa na kichwa kikubwa hivi?"

"Ulikuwa nacho. Bado unacho."

Jumapili yule mwenye kipara alishinda na mtoto kutwa, wakitazamana. Siku ya tatu, saa nane mchana, mfarishi ulishuka taratibu mpaka ukalala sawa na godoro, na mtoto hakuwepo. Yule bwana wa ofisi ya maji alifuta macho, akasema ana mkutano, akaondoka na mfarishi kwapani. Fundi akafagia nyuzi, akafungua begi la kati.

Hilo lilikuwa na kazi. Mfarishi wa ndoa ulikuwa umefika nusu pale bwana arusi alipoanza kusema hawezi kungoja, na baada ya arusi nani tena ana haraka? Vipande vilipungua, basi kabati likaanza kutoa: pazia moja, mashati mawili, satini yote, ambayo ilimchosha kwa kuteleza lakini ikaisha. Wiki tano. Fundo lilipofungwa akaketi kitandani kijana mwembamba mwenye masharubu aliyoyapenda kupita kiasi, akawatazama mzee na bibi waliosimama mbele yake, akawaamkia.

"Shikamooni."

"Marahaba," akaitikia Fundi, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Kuamkiwa shikamoo na mumewe hakukuwahi kumpata.

Mumewe hakucheka. Siku nzima aliangalia kijana anavyokula.

"Anakula sana huyu."

"Ulikuwa hivyo hivyo."

"Na anakutazama."

"Na hilo pia," alisema Fundi, akarekebisha kilemba.

Hata hivyo hakuna mtu anayeweza kujinunia siku tatu mfululizo. Kesho yake walitoa ubao wa drafti, wakacheza mpaka jioni, na kijana akamfunga mzee mara kumi na moja. Siku ya tatu, chakula cha mchana kimeisha, wakiwa bado wanacheza mechi ya mwisho, kijana aliuliza bila kuinua macho.

"Mzee, hivi tulijaliwa watoto?"

Mumewe alisogeza kete, na zamu haikuwa yake. Fundi ndiye aliyejibu, sahani mkononi.

"Mmoja. Wa kike."

"Yuko wapi?"

"Kwenye begi la chini."

Kijana aliitikia kwa kichwa, akaridhika, akamalizia chai. Saa nane hakuwepo. Kete zake zilibaki pale pale, hatua mbili kabla ya ushindi, na mume wa Fundi hakuziondoa mezani siku mbili.

Mtoto huyo walimwita Kibibi, kwa sababu tangu ana miezi miwili alikunja uso na kutazama watu kama bibi kizee aliyekuja kukagua nyumba. Wao wakawa Mama Kibibi na Baba Kibibi. Alipofika miaka sita alishikwa kifua. Jumatatu walimpeleka zahanati, wakaambiwa daktari wa kifua huja Alhamisi, na hospitali kubwa haipokei mtoto wa kifua bila barua ya daktari wa Alhamisi. Fundi alitaka wabishe hodi mahali pengine, popote. Mumewe alisema wamesema Alhamisi, tungoje Alhamisi. Kibibi alifariki Jumatano. Baada ya hapo majirani, kwa huruma zao, wakaanza kuwaita Fundi na Mzee, na mfarishi ambao mtoto mwenyewe alikuwa anachagua vipande vyake ukakunjwa ukaingia begini pamoja na kadi ya zahanati. Tangu siku hiyo Fundi alinunua vitambaa miaka thelathini na minne bila kujishonea kitu.

Siku ya tatu mumewe aliondoa ubao, akaenda mwenyewe kulivuta begi, akaliweka mapajani mwa mkewe.

"Wanakaa siku tatu," alisema. "Tangu fundo mpaka saa nane ya siku ya tatu."

"Nimeona."

"Siku ya Jumatano hatufungi kitu. Ukifunga fundo Jumanne, Alhamisi asubuhi atakuwa bado yupo."

Fundi alimtazama. Ndoa ya miaka arobaini na miwili, na hilo lilikuwa neno la kwanza la mumewe juu ya Alhamisi. Alitaka kumkasirikia na alitaka kumkumbatia, akashindwa kuchagua, akamwambia atunge uzi.

Ulikuwa mfarishi mkubwa kuliko alivyokumbuka. Kibibi alitaka manjano kila mahali, na manjano wakati ule ilikuwa adimu. Sasa kabatini ilikuwepo ya kila aina, mita mbilimbili, miaka thelathini na minne ya manjano. Fundi hakuwa amejua alikuwa ananunua nini. Alikata, akapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikizia, akaunga, akatandaza pamba. Mumewe alitunga nyuzi, akapika, akatia pilipili akidhani ni chumvi, akasamehewa. Jumamosi moja kazi yote ilikuwa imekwisha isipokuwa fundo, na kabatini mlikuwa na hewa tupu. Wakasubiri. Jumapili, Jumatatu, sindano imening'inia kwenye pindo, hakuna aliyethubutu kupita karibu.

Jumanne saa nane na dakika tano Fundi alifunga fundo.

"Mbona mmezeeka?" aliuliza Kibibi, kichwa nje ya mfarishi, uso ameukunja.

"Tulikuwa tunakungoja," alisema mama yake.

"Mlingoja vibaya." Akaanza kukohoa, kile kikohozi kikavu cha kumkunja mtu mara mbili, na Fundi akakitambua hata kabla hakijatoka. Alimshika mgongo. Ulikuwa mdogo, wa moto. Fundi alifurahi mpaka ikamuuma.

Kikohozi kilipotulia Kibibi alikagua mfarishi, mstari kwa mstari. Manjano aliipitisha. Kipande kimoja cha kaki alikikataa, akataka kujua nani alikiruhusu, na mama yake akakifumua pale pale akaweka manjano. Baba yake alikuwa amepiga magoti pembeni ya kitanda muda wote huo.

"Nisamehe, mwanangu."

"Umefanya nini?"

"Nilisema tungoje."

Kibibi alifikiri. "Si umesema Alhamisi? Leo Jumanne. Bado siku mbili tu, baba."

Jumatano, siku ambayo wote wawili waliiogopa, ilipita kama siku. Walimweka mlangoni kwenye jua, amejifunika manjano yake mpaka kidevuni. Alikunywa supu vijiko sita. Alimwonyesha baba yake jino linalolegea, akamruhusu kulitikisa mara moja. Jirani alipita na ndoo, akasema, "Mama Kibibi, hamjambo? Naona mgonjwa anapata nafuu," akaenda zake. Fundi alibaki na neno hilo masikioni, akalisikiliza mpaka likaisha.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi walikuwa zahanati. Baba alimbeba Kibibi begani na mfarishi wake. Kibao cha ukutani kilikuwa kimepakwa rangi upya mara nyingi tangu walipokiona mara ya mwisho, kila mara kwa uangalifu, na herufi zilikuwa nzuri sana: DAKTARI WA KIFUA, ALHAMISI. Karani wa mapokezi aliipokea ile kadi iliyokaa begini miaka yote, akaigeuza mbele na nyuma, akafungua daftari.

"Ya zamani, lakini bado inafanya kazi. Miadi yenu ni leo. Kaeni benchi, namba saba."

Wakakaa. Benchi lilijaa watoto wa vifua, na vikohozi vilipokezana kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Saa tatu daktari hakuwa amefika. Saa tano karani alisema gari liko njiani. Saa sita mume wa Fundi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupandisha sauti ofisini kwa mtu, alikwenda dirishani akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kwamba mtoto wake hana muda, hana muda kabisa, na wampe hiyo barua aende hospitali kubwa sasa hivi. Karani alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alisema barua inaandikwa na daktari.

Mama aliyekaa jirani na Fundi, mwenye mtoto wa kiume mgongoni, alisogea.

"Dada, hii ni Alhamisi yenu ya kwanza?"

"Ya pili."

"Sisi ya tano," alisema yule mama.

Saa saba na nusu ilitangazwa kwamba daktari ameitwa kwenye mkutano. Watu walianza kukusanya watoto wao bila kugombana. Fundi hakuinuka. Kibibi alikuwa amelala mapajani mwake, pumzi zinapanda na kushuka, zinapiga mluzi kidogo zikishuka, na Fundi hakutaka kupoteza hata moja kwa ajili ya kutembea. Baba yake alimshika mguu kupitia kitambaa.

"Mama," alisema Kibibi, macho ameyafumba, "daktari amekuja?"

"Bado, mama yangu. Lala."

"Akija mniamshe."

"Tutakuamsha."

Saa nane mfarishi ulishuka mapajani, polepole, mpaka ukagusa magoti. Kisha mume wa Fundi aliukunja, pembe kwa pembe, vizuri kuliko alivyowahi kukunja kitu chochote, na Fundi akaenda dirishani kuchukua kadi.

Karani alichungulia benchi. "Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

"Muda wake umekwisha."

"Aa." Alichukua muhuri, akaupiga kwenye nafasi iliyobaki, akapuliza wino ukauke. "Basi akirudi, mleteni Alhamisi."

Walitoka. Getini mlinzi alikuwa akinywa maji kwenye kivuli cha kibanda chake. Aliwaona wazee wawili na mfarishi wa manjano, akasimama kwa heshima.

"Habari za huko ndani, mama?"

"Nzuri tu," alisema Fundi. "Ila daktari hakuja."

"Poleni sana."

"Tumeshapoa," alisema mumewe, na mlinzi akawafungulia geti.