Mzuka Aliyeombewa Mapema

Nyuma ya pazia, Tsofa alikuwa keshavaa kinyago cha mbao na kujifunga upanga, akingoja ngoma imwite. Ukumbi wa Kibokoni ulijaa mpaka madirishani. Humo alikuwamo Bi Swafia, mwenye duka la leso la Biashara Street ambako Tsofa hushinda akikunja na kukunjua. Tangu aanze mazoezi, bibi huyo hakumwacha apumue. "Mwanamume mzima wafundishwa kutembea?" Ndiyo maana Tsofa alitaka aione sehemu ya pili. Akishaiona hiyo, atanyamaza.

Maana mchezo huu wa noh, ambao Jamaldin, kiongozi wa kundi lao, alifunzwa na mwalimu wa Kijapani, una sehemu mbili. Kwanza msafiri mcha Mungu hukutana na mkata majani, mtu wa kawaida tu, anayemwambia: "Niombee." Mkata majani hutoweka, kisha hurudi akiwa yule aliye kweli: mzuka wa shujaa aliyeuawa vitani, acheze namna alivyoanguka. Utamu wote uko huko. Katika ile ya kwanza Tsofa alikata majani basi, na Bi Swafia akasema, ukumbi mzima ukisikia, kwamba hata yeye aweza.

Msafiri alikuwa Riyadh, mwalimu wa madrasa huko Kuze. Alitakiwa aketi, anong'one kidogo, amngoje mzuka. Lakini Riyadh aambiwe "niombee" halafu anong'one? Aliinua mikono, akaishusha dua ndefu, tamu, watu wakiitikia, "Amin." Alipofunga kwa Fatiha, wakasoma naye, wakapangusa nyuso, wakainuka. Mvita hii, ni wapi shughuli iliendelea baada ya Fatiha?

Tsofa akasikia watu wakigombania viatu mlangoni.

"Jamaldin, wazuie."

"Niwazuie na nini? Dua ishapita. Toka wewe, huenda wakageuka."

Akatoka. Na hapo ndipo alipotamani kulia, kwa kuwa mzuka wa noh hakimbii. Nyayo haziinuki sakafuni, huburutwa, pole, mmoja kisha mwingine, na Bi Swafia alikuwa tayari ana kiatu kimoja mguuni.

"Mbona karudi huyu?" akauliza Shifa, jirani yake Bi Swafia. "Si tushamuombea?"

"Labda dua haikumfika," akajibu mwingine.

"Hiyo dua itamfika vipi," akadakia Bi Swafia, "na mwendo wenyewe ndio huo? Kama kinyonga aliyekanyaga miba."

Kicheko kikapita. Wengine wakaenda zao. Jasho lilimwingia Tsofa machoni, na upanga ukawa mzito, na kila akiburuta hatua moja mlango ulimeza watu kumi. Mwisho akasimama katikati ya jukwaa, akakivua kinyago. Jamaldin alishika kichwa.

"Bi Swafia, keti, nakuomba. Sijafa bado."

"Ushakufa zamani, mwanangu, na tushakuombea. Wataka nini tena?"

"Nataka unione nikianguka."

Bi Swafia akamtazama, kiatu cha pili mkononi. Kisha akaketi pale pale mlangoni, juu ya viatu vya wenzake.

"Haya, anguka. Lakini upesi, nna wageni wa chai."

Upesi. Tsofa akakirudisha kinyago usoni. Akauburuta mguu wa kulia, pole kuliko hata alivyofundishwa, halafu wa kushoto, pole zaidi.

Mlangoni Bi Swafia akasonya, lakini hakuinuka.