Kasoro za Asumini

Ukungu wa Januari ulikuwa umeimeza Dubai nzima, na huku Al Khawaneej, kwenye mazizi ya nje ya mji, Aboud aliiona mikono yake mwenyewe kwa shida. Alisimama kwenye uzio akingoja. Kisha ukungu ukafunguka kidogo, akatokea farasi jike wa rangi ya halua, mfupi, mapaja yamejaa, akitembea taratibu kana kwamba ardhi imelala na yeye hataki kuiamsha. Alikuwa farasi wa Kimarekani, wa aina waiitayo kwota: hodari wa mbio fupi na mpole kuliko mbuzi wa nyumbani.

Aboud alimpenda papo hapo. Au tuseme alikuwa amempenda tangu zamani. Mwaka wake wa kwanza kutoka Mombasa, kabla hajawa mfanyabiashara wa soko la Naif, alifagia mazizi ya tajiri mmoja, na humo kwota mmoja mzee alikuwa akimwekea kichwa begani kila asubuhi. Hakuna kiumbe kingine kilichomgusa mwaka ule. Tangu hapo farasi yule humjia ndotoni, na Aboud huamka bega likiwa na joto.

Sasa uwezo anao, na farasi huyu hapa mbele yake. Lakini mtu aliyezeekea katika kununua vitambaa na manukato Naif ana ugonjwa wake: akikipenda kitu, hukiponda.

"Miguu mifupi," alimwambia Bi Tufaha, mwenye farasi, mjane wa Kizanzibari aliyesimama kando yake, buibui limelowa umande. "Kiuno kipana mno. Na umri nao, mamangu, ushakwenda."

"Kweli," alisema Bi Tufaha.

"Tena amepoa. Farasi wa Kiarabu angekuwa anarukaruka sasa hivi."

"Kweli, mwanangu. Asumini hana la kurukia."

Aboud alifurahi kimoyomoyo. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Akafanya afanyavyo kila mnunuzi anayeijua kazi: akaaga, akaelekea langoni polepole, sikio likiwa nyuma, akingoja kuitwa.

"Nenda salama," alisema Bi Tufaha. "Mie nahamia ghorofani kwa binti yangu huko Al Qusais, na huyu hapandi lifti, lazima nimuuze. Lakini kukuuzia wewe kitu chenye kasoro zote hizo ni dhambi. Nitamtafuta mwengine."

Aboud akafika langoni. Hakuitwa. Alipogeuka, ukungu ulikuwa umeshamfunika farasi, hata mkia hauonekani, na moyo ukampasuka. Akarudi mbio, jambo ambalo sokoni Naif hakuwahi kulifanya hata siku moja.

"Nimesema uongo," alisema, akihema. "Hana kasoro. Nimempenda, Bi Tufaha, nimempenda hata naona haya. Taja bei, sishindani nawe."

Bi Tufaha akaingia uzioni, akarudi amemshika Asumini kamba, lakini hakumkabidhi.

"Anaogopa mifuko ya plastiki," alisema.

"Sawa."

"Ukimcheleweshea chakula, anapiga ndoo teke mpaka majirani waamke."

"Nitaamka mapema."

"Akiumwa hasemi. Najua hakuna farasi anayesema, lakini huyu hasemi kabisa."

"Nitamtazama, mamangu."

"Hakujui."

Biashara yote aliyoijua Aboud iliishia hapo. Alinyoosha mkono akaishika kamba chini kidogo ya mkono wa Bi Tufaha, asiivute. Bi Tufaha alikuwa akilia bila kujificha. Wakasimama hivyo, farasi akipumua mvuke wa joto kati yao, jua likianza kuutia weupe ukungu, na kwa mbali vilele vya majengo vikaelea hewani bila miguu.

Mwishowe vidole vya Bi Tufaha vikalegea, kimoja kimoja.

"Mwite jina lake," alisema.

Aboud akamsogezea farasi bega. "Asumini," aliita.